Sura ya Mnyama Anayetoweka

Mhadhara kwa wachoraji na wananchi, Malindi



Mwaka 1949 kijana Mwingereza wa miaka 18 alifika Kenya na nia moja moyoni: awe askari wa wanyamapori. Jina lake David Shepherd. Alikwenda Nairobi kwa wakubwa waliosimamia wanyama enzi hizo za ukoloni, akajieleza, akaambiwa hahitajiki. Akateremka pwani hana kazi wala mpango, akaajiriwa kupokea wageni katika hoteli moja ya hapa hapa Malindi. Mshahara ulikuwa haba. Basi akawa anachora ndege na kuwauzia wakazi wa Kizungu kwa pauni 10 kila picha, na fedha hizo ndizo zilizomkatia tikiti ya meli kurudi kwao.

Mtu huyo alipofariki Septemba 2017, akiwa na miaka 86, alikuwa amechangisha mamilioni ya pauni kwa ajili ya tembo, vifaru, simbamarara na wanyama wengine walio hatarini kutoweka, na chombo chake kilikuwa brashi. Nilipoombwa nizungumze juu ya sanaa na uhifadhi, sikuona pa kuanzia pazuri kuliko kwa mtu aliyewahi kula riziki ya mji huu, ilhali wengi wa mji huu hawajapata kumsikia. Nia yangu si kumsifu tu. Nataka tuikague kazi yake kama fundi anavyozikagua mbao kabla ya kuunda jahazi, tujue ipi inafaa kujengea na ipi tuiache ufukweni.

Aliporudi Uingereza alijaribu kuingia chuo cha sanaa cha Slade, London. Wakaitazama kazi yake, wakamkataa. Aliyemshika mkono ni mchoraji Robin Goodwin, akamfundisha kwa miaka mitatu, na jambo kubwa alilomtia kichwani ni kwamba uchoraji ni kazi ya kuamkia kila siku, siku unayojisikia na siku usiyojisikia. Shepherd alianza kwa kuchora ndege za viwanja vya ndege. Mwaka 1960 Jeshi la Anga la Uingereza likamleta tena Kenya. Maafisa wakamwambia kwamba eropleni wanaziona kila siku. Wao walitaka picha ya kitu cha nchi hii. Akawachorea kifaru akiikimbiza ndege kiwanjani, kwa malipo ya pauni 25. Hiyo ndiyo picha yake ya kwanza ya mnyama wa porini.

Katika safari hiyo hiyo, upande wa Tanganyika, alikuta bwawa la maji lililotiwa sumu. Kando yake walikuwa wamelala punda milia 255, wamekufa.

Naomba tusiwapite haraka punda milia hao. Kutia sumu kwenye maji ni uuaji usiochagua. Anakufa uliyemkusudia, anakufa mtoto wake, anakufa fisi aliyekula mzoga, na tumbusi aliyemfuata fisi. Usidhani ni mambo ya miaka ile. Hata leo katika nchi yetu mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake hupaka mzoga dawa ya wadudu ili kumlipiza simba, na pamoja na simba wanaanguka tumbusi kwa makumi. Majangili nao huwatilia sumu tumbusi makusudi, kwa sababu ndege hao wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali mzoga ulipo. Shepherd alisema mara nyingi kwamba pale bwawani ndipo alipogeuka kuwa mhifadhi. Mimi naamini. Mtu aliyekuwa akilipwa kwa kutazama vizuri alilazimika kutazama jambo lile, na hakuweza tena kuwachora wanyama kama mapambo ya ukuta.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wachoraji wengi huona haya kuzizungumza, na bila fedha hakuna askari wala petroli ya gari la doria.

Picha ya rangi ya mafuta huuzwa mara moja. Ikishauzwa imekwenda. Lakini picha hiyo hiyo inaweza kuchapwa nakala za idadi maalumu, kila moja ikatiwa saini na mchoraji kwa mkono wake, na bamba la kuchapia likaisha kazi hapo. Mnunuzi hulipa zaidi kwa sababu anajua nakala hazitaongezwa. Mwaka 1973, India chini ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilipoanzisha Mradi wa Simbamarara, hesabu ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeonyesha simbamarara 1,827 tu katika nchi nzima. Shepherd akachora picha aliyoiita Tiger Fire, nakala zake zikauzwa, na mradi ule ukapata pauni 127,000. Kwa thamani ya fedha ya wakati ule, hicho kilikuwa kiasi kizito. Kabla ya hapo alikwisha uza picha Marekani akanunua helikopta, akaipa Zambia kwa ajili ya kupambana na majangili. Rais Kenneth Kaunda akamshukuru kwa kumpa injini ya treni ya mvuke ya mwaka 1896, maana Shepherd alikuwa mgonjwa wa treni sawasawa na alivyokuwa mgonjwa wa tembo. Mwaka 1984 akaanzisha wakfu wenye jina lake, na wakfu huo ungali unafanya kazi Afrika na Asia. Kila mwaka huandaa shindano la wachoraji wa wanyamapori, na kazi zinazoteuliwa huuzwa ili kuchangia uhifadhi.

Nisieleweke vibaya: simbamarara wa India hawakuokolewa na brashi. Waliokolewa na sheria ya mwaka 1972 iliyokataza kuwawinda, na hifadhi tisa zilizotengwa mwanzoni, na askari waliokesha, na pia wanakijiji waliohamishwa kwenye ardhi yao, jambo ambalo lina machungu yake. Hesabu ya mwaka 2022 iliwakadiria kuwa zaidi ya 3,600. Picha ilinunua sehemu ndogo ya hayo yote. Ila ilinunua mapema, wakati mradi ulikuwa ndio kwanza unaanza, na fedha ya mapema ina kazi ambayo fedha ya kuchelewa haiwezi.

Kwa nini sura? Kwa nini watu watoe pesa kwa ajili ya picha ya tembo mmoja, na wasitoe wakielezwa kwamba maelfu wameuawa? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu nimelipata karibu sana na hapa, Tsavo.

Mwisho wa Mei 2014, katika Tsavo Mashariki, majangili walimpiga mshale wa sumu tembo dume aliyeitwa Satao. Pembe zake zilikuwa ndefu hadi karibu kugusa ardhi. Tembo wa namna hiyo sasa ni wachache mno duniani. Askari walipomfikia hawakuweza kumtambua mara moja, kwa sababu ili kuzing'oa zile pembe majangili walikuwa wameikatakata sura yake yote. Hakuwa na uso. Waliomjua walilazimika kuyatazama masikio na matope yaliyomkauka mwilini ndipo wakakubali kwamba ni yeye.

Hebu litafakarini hilo nyinyi mnaochora. Jangili anachochukua ni uso. Mchoraji wa sura anachorudisha ni uso. Na hapa katikati yupo mtafiti, ambaye naye kazi yake yote imesimama juu ya sura. Kule Amboseli, tangu mwaka 1972, Cynthia Moss na wenzake wamewatambua tembo mmoja mmoja kwa pindo za masikio: huyu amechanika hapa, yule ana tundu pale, mishipa ya huyu inapita hivi. Simba hutambuliwa kwa safu za vidoa pale zinapootea sharubu, na hakuna simba wawili wenye vidoa sawa. Punda milia ana michirizi yake peke yake. Vifaru hukatwa alama masikioni na maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ili kila mmoja awe na daftari lake. Kwa hiyo mtu akikwambia kuchora sura ya mnyama ni kumbambikia ubinadamu, mwambie aende Amboseli. Mnyama ana sura yake kabla hatujaja na penseli. Mchoraji mbaya humchora tembo. Mchoraji mzuri humchora tembo yule, aliyekatika sikio la kushoto, na ukimwona porini kesho utamjua.

Sisi wenyewe Wakenya tumewahi kuonja nguvu ya jambo hili. Mwaka 1970 kulikuwa na hofu kwamba wawindaji wangemuua tembo wa Marsabit aliyeitwa Ahmed, ambaye picha zake zilikuwa zimeenea. Watu wakamwandikia barua Rais Jomo Kenyatta, naye akatoa amri ya rais kwamba tembo huyo alindwe. Akawekewa walinzi. Alikufa kifo chake mwenyewe mwaka 1974, na mifupa yake ipo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Tembo wengine wa Marsabit, wasio na jina wala picha, hawakupata amri ya rais.

Hapo ndipo mbao ya kwanza yenye ufa ilipo, na sitaki tuipake rangi juu yake. Sura inamwinua mmoja na kuwaacha wengine kivulini. Na huwa inamwinua yule yule: mkubwa, mwenye macho mazito, mwenye pembe au manyoya. Picha ya Shepherd ya tembo mzee mwenye hekima iliuzwa nakala robo milioni kupitia maduka ya dawa ya Boots, Uingereza. Nani alinunua robo milioni ya picha za tumbusi? Nani ana picha ya kakakuona sebuleni, mnyama anayesafirishwa kimagendo kuliko karibu mamalia wote wa porini duniani?

Ufa wa pili ni wa kuchelewa. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho, aliletwa Ol Pejeta, Laikipia, mwezi Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki, alikokuwa tangu 1975. Alipigwa picha, akachorwa, akachongwa; sanamu yake na ya wenzake wawili ilisimamishwa New York mwezi ule ule wa Machi 2018 aliokufa. Hakuna kifaru aliyejulikana sura kama yeye. Na aina yake imebaki na majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu. Dunia ilijifunza kumtazama alipokuwa hana tena wa kuzaa naye. Vifaru weusi nao walikuwa takriban 65,000 Afrika nzima mwaka 1970. Kufikia 1995 hawakufika 2,500. Leo wamepanda tena kupita 6,000, na mkono wa ulinzi umeonekana katika hilo. Lakini ile picha ya kifaru kiwanjani ilichorwa wakati walikuwa bado wengi, na wakati huo ndio sura huweza kusaidia hasa.

Ufa wa tatu unanigusa zaidi, kwa sababu unahusu sisi. Picha zile zilichorwa kwa ajili ya kuta za nani? Mama wa Taita ambaye tembo wameingia shambani kwake usiku wakayamaliza mahindi yote, yeye ameziona? Mwalimu wa shule ya msingi ya kandokando ya Tsavo amewahi kuzitundika darasani? Fedha zilirudi Afrika, nakiri, na zikafanya kazi ya maana. Picha zenyewe hazikurudi. Mnyama akapata uso huko London, na huku akabaki kile kitu kinachokula mahindi.

Wapo waliochora wanyama huku kwetu, tena kwa ufundi mkubwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza mwaka 1968 pale Oyster Bay, Dar es Salaam, akitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kuvinunua. Alichora chui, ndege, tembo, wenye macho yanayokufuata chumbani. Polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hadi ikawa jina la sanaa nzima. Tunduru ya Tingatinga inapakana na Selous. Katika mbuga ile walihesabiwa tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Wakati tembo wa Selous wanauawa, tembo wa Tingatinga walikuwa wakiuzwa kila siku kwa watalii, wakipanda ndege kwenda Ulaya na Japani, na hakukuwa na mfereji wowote wa kuifikisha hata senti moja kwa askari wa Selous. Sisemi kwamba wachoraji wale walikosea. Walikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyewajengea mfereji huo. Nasema kazi ya kuujenga imebaki, na ni yetu.

Sasa nitoke Tsavo na Selous, nirudi nyumbani kabisa.

Hapo kusini, ukipita Gede, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, uliobaki wa ule msitu mkubwa uliokuwa ukifuata pwani hii. Ndani yake anaishi sange mwenye kiuno cha dhahabu. Wengi wenu mmekulia kilomita chache kutoka kwake na hamjamwona. Ana uzito wa nusu kilo tu. Pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa mdogo, mwili wa rangi ya kahawia nyekundu, na nyuma doa la manjano linalong'aa utadhani amekalia jua. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, wakilinda eneo moja. Analala usiku katika kiota cha majani makavu chini ardhini, na mchana kutwa anapekua majani akitafuta wadudu. Akistuka hupiga mkia kwenye majani makavu, halafu anakimbia kwa kurukaruka. Ngozi ya lile doa la manjano ni nene kuliko ya mahali pengine mwilini, na wataalamu hudhani humsaidia sange pale adui anapomshika nyuma badala ya kichwani. Miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun aliwachunguza katika magofu ya Gede, katikati ya kuta za mji wa kale wa Waswahili. Yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Msitu ukikatwa, hana pengine pa kwenda.

Pamoja naye kuna bundi mdogo wa Sokoke, na kuna kwera wa manjano na meusi ambaye hazalii popote duniani isipokuwa kaunti hii ya Kilifi. Baharini wapo kasa na ng'amba. Ninyi mna viumbe ambao mchoraji wa London hana njia ya kuwajua, na hawana mtu mwingine wa kuwachora.

Najua katika ukumbi huu wapo wanaoona kuchora chenye roho ni jambo la kukwepa. Nawaheshimu, wala siwaombi wabadili. Msitu una mengi ya kuchora: kiota cha kwera kinavyofumwa, miti ya mrihi na mfunda inayosimama kila mmoja mahali pake, mikoko ya hori la Mida maji yakitoka. Makazi yakikosa kuchorwa, sura za wanyama huelea hewani.

Kuhusu nakala nina wazo moja, na nalishikilia kwa dhati. Waingereza waliuza tembo wao katika maduka ya dawa kwa sababu ndiko mtu wa kawaida alikokwenda. Mtu wa kawaida wa pwani hanunui picha ya fremu. Ananunua leso. Mjini mwa leso pana nafasi ya sange, mkubwa, akikutazama, na pindo iwe ya majani ya msitu wake. Leso inaingia kila nyumba, inambeba mtoto, inatolewa zawadi ya harusi. Mtoto aliyebebwa katika leso ya sange hatamwita panya atakapomwona. Na leso, kama zile nakala za Shepherd, inaweza kuchapwa toleo moja na kuisha, na sehemu ya bei, iliyokubaliwa na kuandikwa kabla ya kuchapwa, ikaenda kwa wanakijiji wanaoulinda msitu. Hatuanzi kutoka sifuri. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo, pale Gede, umewawezesha wakulima wa kandokando ya msitu kufuga viwavi na kuuza mabundo ya vipepeo nje ya nchi, hata watu waliokuwa wakitaka msitu ukatwe wakapata sababu ya kuutaka usimame. Watamu nako wavuvi wamelipwa fidia ndogo kila wanapopiga simu kwamba kasa amenaswa wavuni, badala ya kumchinja. Njia za kufikisha fedha kwa mtu anayestahili zimekwisha tengenezwa na majirani zetu, sisi tutazifuata.

Vijana, nimalizie na yenu. Nendeni Sokoke alfajiri, kwa sababu sange huamka na mwanga. Msichore kutoka kwenye simu. Picha ya simu imekwisha kuamua kila kitu kabla yenu. Kaeni kimya mahali pamoja hata miguu ife ganzi. Chukueni penseli laini na karatasi nyingi, mchore pua kwanza, kwa kuwa haitulii, kisha jicho, kisha ule mgongo ulioinuka. Mwombeni mzee wa Kigiriama anayezijua njia za humo awatangulie, mmlipe siku yake kama fundi mwingine yeyote, na picha ikikamilika mumpelekee yeye kwanza, kabla ya mnunuzi. Akisema sange wenu hana miguu ya kukimbia, rudini msituni.